Mwaka Bwawa Lilipokauka

Melbury, Saskatchewan
11 Aprili 1988

Kaka yangu Havrylo,

Kristo amefufuka! Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo sasa linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Wapangaji wangu nao wanakusalimu. Chumba cha mbele nimempa mama mmoja kutoka kaskazini, mumewe amelazwa hospitali. Cha nyuma amelala mkulima aliyekuja kutafuta kipuri cha mashine ya kuvunia, akaambiwa kitafika Alhamisi. Anakula kama ameletwa na njaa ya mwaka mzima.

Jana kwenye Pasaka nilikutazamia kanisani mpaka padri akamaliza kubariki vikapu vya mikate. Hukuja. Na nesi wa kliniki ya macho, ambaye hununua mayai kwangu, ananiambia hukufika miadi ya Machi. Havrylo, una miaka sabini na mbili, masikio yamekwisha, sasa unataka macho nayo yakuage? Huko kwako Zoria kumebaki nini? Kanisa, posta ya asubuhi tu, na jirani yako Anna Pidhirny. Reli wameing'oa, ghala la nafaka wamelibomoa. Hapa daktari yupo, kinyozi yupo, na watu wa kwenu utawakuta wote kila Ijumaa, maana pande hizo hakuna anayeweza kuishi bila Melbury. Watu huja kung'oa jino, kujifungua, kusimama mbele ya hakimu, kufa. Uza hilo shamba. Chumba cha chini, kisicho na ngazi, nitakupa wewe.

Nikuambie na jingine, usikunje uso. Ijumaa nilimwona Osyp wangu tena. Nilikuwa dirishani, basi la saa nane likasimama kituoni, akashuka. Koti lake la kahawia, kofia mkononi. Ni kijana vilevile, Havrylo, miaka thelathini na moja kama alivyoniacha. Akatazama barabara upande huu na upande ule kama mtu asiyejua nyumba ni ipi. Nilipofika chini hakukuwa na mtu ila dereva anavuta sigara.

Najua utasema nini. Niandikie hata hivyo.

Dada yako,
Oryna


Zoria
2 Mei 1988

Mdogo wangu Oryna,

Amefufuka kweli. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Burko amezeeka lakini bado anabwekea gari la posta. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama mmoja hakuishi.

Theluji haikuanguka ya kutosha na mvua haijaja. Upepo unachukua udongo wa shamba la Pidhirny na kuuleta mlangoni kwangu. Nimemwambia Anna aje na ndoo akauchukue, ni wake.

Macho yangu yanaona ninachohitaji kuona.

Alikuja kijana wa ofisi ya kilimo, ya hukohuko Melbury. Anasema bwawa langu linakula ekari kumi na mbili za ardhi nzuri, na kwa ukame huu ningechimba mfereji mmoja tu lingekauka, nipande ngano. Nimemwonyesha lango lilipo.

Shamba siuzi. Usiniulize tena.

Na huyo mtu wa kwenye basi, nakuomba usiniandikie habari zake.

Kaka yako,
Havrylo Tkachuk


Melbury
19 Mei 1988

Kaka Havrylo,

Umetia saini kwa jina la ukoo kana kwamba unaandikia benki. Haya, bwana Tkachuk, salamu. Huku joto limekuja mapema, miti ya barabara ya hospitali imechanua na vumbi limeiua siku ileile.

Anna Pidhirny alikuwa hapa Jumanne kutengenezewa meno. Nusu ya mdomo ilikuwa imekufa ganzi lakini nusu iliyobaki ilitosha. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno:

"Oryna, kaka yako ana wazimu."

Nikasema, "Hilo tunalijua tangu ubatizo wake. Safari hii amefanya nini?"

"Anamwagilia bwawa!"

"Anamwagilia nini?"

"Bwawa! Amefunga tangi la maji nyuma ya trekta, anachota kisimani kwake, anakwenda kumwaga bwawani. Asubuhi mara tatu, jioni mara tatu. Watu bustani zinakauka, yeye anawanyweshea vyura! Mume wangu alimwuliza kwa ishara, akajibu kwa ishara ambayo siwezi kuionyesha mbele ya mjane."

Nikamwambia mimi si mjane. Akaomba msamaha, akanywa chai yake kwa upande ule mzima.

Baadaye alipokuwa anavaa koti akasema jambo jingine, safari hii bila mzaha. Kwamba ukimaliza kumwaga maji huondoki. Unasimama ukingoni, kofia umeivua, na midomo inacheza. Anasema aliwahi kupita karibu sana akadhani unasali, lakini haikuwa sala. Ulikuwa unazungumza, ukinyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Unazungumza na nani, kaka?

Oryna


Zoria
20 Juni 1988

Mdogo wangu Oryna,

Salamu. Nina afya. Ngano imeota kidole kimoja na kusimama. Panzi ni wengi, wamekula hata shati nililoanika.

Maji ni ya bata. Bata wamelizoea hilo bwawa tangu enzi za baba. Siwezi kuwaacha.

Mwambie Anna atazame meno yake.

Joto la jioni linacheza juu ya maji, na mtu mwenye macho mabovu anaweza kuona chochote. Ndiyo maana ninasimama. Ninatazama kama ni kitu au si kitu. Burko hakaribii, analala langoni na kulia.

Kisima kimeshuka sana. Kamba niliiongeza mara mbili.

Oryna, hivi ile kadi kutoka Calgary bado unayo? Ikiwa unayo ichome. Imekaa muda mrefu mno nyumbani mwako.

Havrylo


Melbury
4 Julai 1988

Kaka,

Sina salamu ndefu leo. Nimeisoma barua yako mara nne. Miaka thelathini na nne hujawahi kuitaja ile kadi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitaja, nawe ulikuwa ukiinuka kwenda kutazama ng'ombe.

Sikuichoma. Iko kwenye kitabu cha sala. "Usinitafute. Nimepata kazi. Acha nitafute maisha yangu, nawe utafute yako. Osyp." Kwa Kiingereza, lugha ambayo alikuwa hawezi kuagiza nayo hata misumari. Nilijiambia kuna mtu amemwandikia. Mwanamke, nilijiambia. Nilimchukia huyo mwanamke miaka mingi, nikampa na nywele nyekundu.

Ngoja nikuandikie jambo ambalo sikuwahi kukuambia, kwa sababu hukuwahi kuuliza. Mtoto alizaliwa amekufa Jumapili. Alikuwa wa kiume. Jumatatu Osyp alinipigia simu hospitali kutoka posta ya Zoria, akalia, akasema, "Jumatano usiku nitakuwa nimefika, Alhamisi asubuhi natoka nawe. Hatutarudi shambani. Wamenipa kazi kwenye kinu cha unga, tutapanga chumba hapohapo mjini, utaona taa za barabarani." Nilikaa na taa za barabarani Jumatano, nikakaa nazo Alhamisi. Dirisha la wodi lilitazama barabara ya kuingia mjini. Kila gari lililopinda kona nilijua ni yeye. Siku ya tisa manesi walihitaji kitanda.

Nikabaki hapa. Ningekwenda wapi? Nilipika mkahawa wa kituo cha basi miaka ishirini na tisa, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya kazi. Nilijua siku moja atapita. Hata aliyekwenda Calgary, mama yake akifa kijijini lazima abadilishe basi Melbury. Mama yake alikufa. Hakupita.

Petro Hnatiuk wa kinu cha unga aliniomba tumtafute padri, mara mbili. Mara ya pili alivua kofia mbele ya wateja wote na mmoja akapiga kelele, "Mama, mpe jibu, supu inapoa!" Nikamwambia nina mume. Alioa mwaka uliofuata. Amekufa juzijuzi tu, nami nilikaa benchi la nyuma kanisani kama mtu wa mbali.

Kwa hiyo nakuuliza, Havrylo. Kwa nini niichome?

Nitakuja Agosti. Anna atanichukua. Sitaki unitumie mayai wala visingizio.

Oryna


Zoria
13 Julai 1988

Oryna,

Usije.

H.


Melbury
22 Julai 1988

Kaka,

Nakuja tarehe kumi na moja Agosti, siku ya Alhamisi. Nimeshamwambia Anna.

Jana alishuka tena kwenye basi. Safari hii hakutazama barabara. Alinitazama mimi, dirishani. Viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji, na wewe unajua huku haijanyesha tangu Mei.

Oryna


Zoria
8 Agosti 1988

Mdogo wangu Oryna,

Mume wa Anna anakuja mjini kesho Jumanne, nimemwomba akuletee barua hii mkononi. Polisi nitawaita keshokutwa. Nimetaka wewe ujue kwanza.

Kisima kimekauka tangu wiki iliyopita. Nikabaki sina maji ya kumwaga. Jumamosi nilipokwenda asubuhi, paa lilikuwa nje. Upana wa mkono mmoja, limefunikwa na matope, ndege mdogo amekaa juu yake. Jana ikawa madirisha. Leo milango.

Ni pikapu ya Osyp. Yumo. Hakwenda Calgary, Oryna. Hakwenda popote.

Alikuja uani kwangu Jumatano ile, tarehe ishirini na nne Novemba, saa kumi jioni. Upepo ulikuwa umefunga barabara kwa theluji. Alikuwa amepakia nyuma kitanda chenu, meza, jiko, kila kitu. Akasema, "Havrylo, niazime farasi wanivute mpaka barabara kuu."

Nikasema, "Farasi wamechoka."

"Mke wangu ananisubiri hospitali."

"Mkeo ni dada yangu. Unakwenda kumfanya mwosha vyombo wa watu mjini, na shamba lako umemwuzia mgeni bila kuniambia. Mimi ndiye niliyekupa mbegu za kwanza."

Akasema, "Zoria inakufa, kaka. Huoni tu kwa sababu umesimama katikati yake."

Neno hilo liliniuma. Nikamwambia, "Basi pita bwawani. Utatokea barabara kuu moja kwa moja. Barafu ilibeba farasi wangu Jumapili."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikacheka. Nikasema, "Kama unaogopa, kaa. Mkeo amezoea kusubiri."

Akapanda gari.

Farasi walivuta sleji tupu ya kuteleza juu ya theluji Jumapili, Oryna, si pikapu yenye jiko la chuma. Na upande wa mashariki kuna chemchemi, barafu ya pale ni nyembamba siku zote. Baba alituonyesha tukiwa wadogo. Niliijua. Kama nilisahau kumwambia au nilinyamaza, nimejiuliza kila siku ya Mungu, na sijui. Nakuapia sijui.

Nilisimama langoni. Giza lilikuwa limeingia. Taa zikaenda mpaka katikati, zikaendelea. Kisha zikaelekea juu, kama mtu anayeinua uso. Kisha zikazimika.

Wewe ulikuwa umezika mtoto wiki ileile. Nilisema nitakuambia ukipata nguvu. Kisha watu wakaanza kusema wenyewe kwamba ametoroka, nami nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Ukaanza kusema utakwenda polisi kumtafuta. Nilikwenda kituo cha reli, nikampata mtu wa mabehewa ya ng'ombe anayekwenda Calgary. Nikamwambia maneno, akayaandika kwenye kadi, akaituma kutoka kule. Mtu huyo hakuniuliza chochote. Afadhali angeniuliza.

Ndiyo maana sikuuza, wala sikuoa. Kila Aprili barafu ikipasuka nilisikia honi. Masikio yalipokufa nilishukuru, nikadhani nimepona. Niliendelea kuisikia.

Kwa miaka hii yote nilikuwa namweleza habari zako. Kwamba umepata chumba, kwamba umepata kazi, kwamba goti linakuuma. Nilidhani angependa kujua.

Havrylo


Zoria
18 Septemba 1988

Mdogo wangu Oryna,

Hii ni barua ya tatu tangu ile siku. Sijui kama unazisoma.

Ulikuja na Anna tarehe kumi na moja. Nilikuona kutoka dirishani. Ulisimama bwawani mpaka wakaivuta pikapu nje, hukugeuka kutazama nyumba hata mara moja. Nilikuwa nimechemsha maji ya chai. Yalichemka yakaisha.

Polisi walirudi mara mbili. Nimewaambia alipita juu ya barafu. Nimewaambia ni mimi niliyemwonyesha njia. Kijana wao aliandika, "Ajali?" kwenye karatasi ili nisome, na alama ya kuuliza. Nikamrudishia karatasi.

Bwawa limekauka kabisa, udongo umepasuka vipande vipande. Burko sasa anavuka katikati bila kujali. Bata hawakuja.

Nyumba imekuwa kimya kuliko nilivyozoea.

Havrylo


Melbury
14 Oktoba 1988

Havrylo,

Nimezisoma zote. Sikuwa na mkono wa kuandika.

Nina mambo ya kukuambia, uyajue. Ndani ya gari, kwenye kiti cha upande wangu, walikuta sanduku limefungwa kwa mshipi wa ngozi. Polisi mmoja, mtoto wa watu wa hapahapa, alilifungua polepole akaniuliza, "Mama, unaweza kuvitambua hivi?" Kulikuwa na koti langu la kijivu, limekunjwa alivyokuwa akikunja yeye, vibaya. Buti zangu za manyoya. Chini kabisa kisanduku cha mbao alichokuwa amekitengeneza kwa ajili ya mtoto, cha kuwekea nguo ndogo. Alikuwa amesikia mtoto amekufa na bado alikibeba. Nimekaa na jambo hilo wiki nyingi. Nadhani hakuweza kukiacha kwenye nyumba tupu.

Tulimzika tarehe pili Septemba, hapa mjini. Padri wa Zoria alitaka apelekwe makaburi ya kanisa la kwenu, karibu na mama yake. Nikamwambia hapana. Mtoto wetu amelala nyuma ya hospitali ya zamani, kwenye sehemu isiyo na majina, na Osyp alikuwa anakuja kwetu sisi wawili. Walikuja watu wengi ambao sikuwatarajia, hata mjane wa Petro Hnatiuk, na mkate alioukanda mwenyewe. Tulisimama sisi wawili pembeni, kisha akanishika kiwiko akasema, "Alikupenda sana Petro, unajua. Nilikuchukia kwa hilo." Nikasema, "Ningekuwa wewe ningefanya vilevile." Tukacheka, Mungu atusamehe, kaburini.

Tangu siku hiyo hajashuka kwenye basi. Nimetazama. Hunijia hisia ya ajabu kwamba nimefiwa mara mbili.

Polisi waliniuliza kuhusu kadi. Mtu fulani wa Zoria aliwahi kuisikia. Nikawaambia sina kadi. Usidhani ni huruma. Kadi ile ni yangu, ni mimi niliyeishi nayo, na si wao watakaoamua ina maana gani.

Sijakusamehe. Nimejaribu mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu na maneno yamekwama. Lakini Anna anasema umeacha kuwasha jiko, unakula mkate wa dukani umesimama. Majira ya baridi yakikukuta hivyo utakufa Januari, nami sitaki ufe kabla hatujamaliza.

Maana kuna kitu umekiruka, Havrylo. Nimeisoma barua yako ya Agosti mpaka karatasi imechanika. Unaandika taa zilielekea juu, kisha zikazimika. Huandiki zilikaa muda gani kabla ya kuzimika. Huandiki kama mlango ulifunguka. Huandiki kama alipiga kelele, na wakati huo masikio yako yalikuwa mazima. Kutoka langoni mpaka ukingoni ni hatua mia mbili. Nilizihesabu siku ile nikiwa nimekupa mgongo.

Sitaki uniandikie. Kwenye karatasi umenidanganya vya kutosha. Anna atakuja kukuchukua Jumanne, mlete na Burko. Chumba cha chini nimekifagia. Utavua kofia, utakaa mezani mbele yangu, utakunywa chai yako, na nitaipeleka midomo yangu karibu na sikio lako nikuulize ulichukua hatua ngapi kumwendea.

Oryna